Betri za silikoni: kubeba si tatizo, tatizo ni kuvimba

Pita kwenye maduka ya simu ya Digo Road au vibanda vya Mwembe Tayari hapa Mombasa, usome maandishi yaliyo ubavuni mwa maboksi. Miaka michache nyuma simu ya kawaida ilikuwa na betri ya 4000 au 5000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa), na aliyetaka zaidi alikubali simu nene inayolemea mfuko wa shati. Siku hizi ziko za 6000, nyingine 7000 na ushei, na unene wake ni ule ule. Ukimuuliza muuzaji siri yake atakwambia, "Hii ni silikoni-kaboni, teknolojia mpya kabisa," na hapo maelezo yatakwisha, maana mwenzio yuko pale kuuza.

Si kila simu yenye namba kubwa ina silikoni ndani. Lakini kwa zile zilizo nayo, swali la haki ni hili: nafasi ya ziada imetoka wapi? Na kama jibu ni silikoni, kitu kilichojaa kwenye mawe na mchanga wa dunia nzima, mbona kimechelewa hivi? Wanakemia walianza kupima tangu miaka ya 1970 jinsi silikoni inavyomeza lithiamu. Kwamba inabeba nyingi hakuna aliyebisha. Kazi ya miaka yote iliyofuata imekuwa kuizuia isijiharibu yenyewe kwa huo uwezo wake wa kubeba.

Tuanze na betri yenyewe. Betri ya lithiamu ina pande mbili. Ukichomeka chaja, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, hutoka upande wa chanya, unaoitwa kathodi, hupita ndani ya kimiminika kiitwacho elektroliti, hupenya utando mwembamba wa plastiki na kwenda kujipanga upande wa hasi, yaani anodi. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka, na elektroni zake hupita njia ya nje, kwenye kioo na spika na kila kinachowaka. Umeme unaoutumia ni huo. Lithiamu haiungui ikaisha, ni kwenda na kurudi tu. Kwa hiyo betri kubeba chaji nyingi au kidogo ni suala la malazi: kila upande una nafasi ya kulaza ioni ngapi?

Kwa miaka mingi malazi ya upande wa anodi yamekuwa kinywe, yaani grafaiti, jamii ile ile ya kaboni iliyomo ndani ya penseli. Sony walipoingiza sokoni betri ya kwanza ya ioni za lithiamu mwaka 1991 walitumia kaboni ya aina nyingine, kinywe kikachukua nafasi baadaye. Mmoja wa walioonyesha mapema, mwaka 1980, kwamba lithiamu inaweza kuingizwa na kutolewa ndani ya kinywe kwa umeme ni Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2019 iliyoheshimu betri hizi walipewa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Nobel haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu, sawa, lakini kila nikiifungua mada hii naona Mwafrika huyu anastahili kutajwa kabla ya kwenda mbele.

Kinywe kimepangika tabaka juu ya tabaka. Lithiamu huteleza katikati ya tabaka, ikatulia, ikatoka, na muundo wenyewe haubomoki; kinapojaa hutanuka asilimia 10 hivi tu. Gharama ya utulivu huo ni kwamba kila atomi 6 za kaboni hulaza lithiamu moja. Ukipiga hesabu, gramu moja ya kinywe haiwezi kuvuka 372 mAh, na watengenezaji wameshaukaribia sana mpaka huo. Hakuna ujanja uliobaki upande huo.

Silikoni mambo yake ni mengine. Lithiamu haiingii kama mgeni wa kupita katikati ya tabaka. Inavunja vifungo vya silikoni na kuungana nayo kuwa kitu kipya. Atomi 4 za silikoni huchukua lithiamu hadi 15. Gramu moja hubeba kama 3579 mAh, karibu mara kumi ya kinywe. Hiyo ndiyo namba inayorembesha vichwa vya habari, na ni ya kweli. Kinachoachwa nje ya kichwa cha habari ni kwamba silikoni ikishajaa hivyo hufura hadi karibu mara nne ya ukubwa wake wa awali. Lithiamu ikitoka, inasinyaa.

Fikiria sufuria ya wali. Mchele hujazi hadi mdomoni, unauachia nafasi kwa sababu unajua utafura. Sasa fikiria wali ambao ukishaiva unatakiwa urudi kuwa mchele mkavu, uive tena kesho, ukauke, uive tena, mara mia tano au elfu, bila punje kukatika, bila kumwagika, na sufuria isiongezeke hata unene wa ukucha, kwa sababu sufuria hiyo imebanwa kati ya kioo cha simu na mgongo wake. Kazi waliyonayo wahandisi wa anodi ya silikoni ni hiyo.

Punje ya silikoni ikifura na kusinyaa hivyo, hupasuka. Vipande vinavyomeguka hupoteza mguso na karatasi ya shaba inayokusanya umeme, na kipande kisicho na mguso ni mzigo tu ndani ya betri. Hilo ni tatizo la kwanza, tena ndilo jepesi.

La pili ndilo lililowatesa watu. Elektroliti haistahimili hali iliyopo kwenye uso wa anodi wakati wa kuchaji. Huvunjika-vunjika pale inapougusa. Kwa bahati njema, mabaki yake hugandamana kuwa gamba jembamba sana la nanomita chache linalofunika anodi. Gamba hilo hupitisha ioni za lithiamu na kuizuia elektroliti isiendelee kuharibika. Bila gamba hilo betri ya anodi ya kinywe au ya silikoni isingedumu, iwe ya simu au ya gari. Ila kulijenga kunagharimu lithiamu: ile iliyoingia ndani ya gamba haitoki tena. Kwenye kinywe gharama hii hulipwa karibu yote mwanzoni, betri ikiwa bado kiwandani, kisha gamba hutulia. Kwenye silikoni, kila mfuro hulichana gamba, uso mpya wa silikoni hubaki wazi, gamba jipya hujengwa, lithiamu nyingine hukwama. Kesho tena. Gamba linanenepa, elektroliti inapungua, na lithiamu inayosafiri inakwisha ingawa haijatoka nje ya betri.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wasizionee aibu hesabu. Tuseme betri inarudisha asilimia 99.9 ya lithiamu katika kila mzunguko wa kuchaji na kutumia. Kwenye mtihani wa shule hiyo ni alama ya kufanyiwa sherehe. Kwenye betri, zidisha 0.999 kwa yenyewe mara 500 uone: unabakiwa na asilimia 60 hivi. Simu ya mwaka mmoja na nusu, na betri imeshachoka. Kwa 99.5, baada ya mizunguko 500 husaliwi hata na asilimia 10. Ili ufikishe mizunguko 1000 na bado uwe juu ya asilimia 80, unahitaji kama 99.98 kila mara, mfululizo, bila kuteleza. Kwa hiyo maabara inapotangaza betri ya silikoni yenye ufanisi wa 99.5, mimi huwa sishituki.

Neno kuvimba lina utata wake, na utata huo nimeuona ukizaliwa kwenye meza ya fundi mmoja karibu na Marikiti. Mama mmoja alileta simu ambayo kioo chake kilikuwa kimejiinua upande mmoja.

"Mwanangu, hii simu imeachana na kioo chake. Nimeidondosha lini mimi?"

"Hujaidondosha, mama. Betri imevimba. Tangu lini unaichaji hivi?"

"Kama wiki mbili. Kwani hizi za siku hizi si ndio husema zinavimba zenyewe, ati za silikoni?"

Fundi alicheka, akawa anapitisha uzi wa kusafishia meno chini ya betri, taratibu, kuikata gundi bila kuikwangua kwa chuma. Betri ilikuwa imetuna, mfuko wake wa rangi ya fedha umekaza. Aliiweka kwenye kopo la mchanga mkavu lililo chini ya meza, mbali na jua. Wapo mafundi wanaoitoboa kwa sindano ili "itoe hewa" kisha wanairudisha. Huyu alisema hajawahi na hatathubutu, na yuko sahihi kabisa, kwa sababu kinachotoka pale kinawaka.

Simu ile ilikuwa ya zamani, yenye kinywe tupu. Uvimbe ule ni gesi. Elektroliti inapovunjika kwa uzee, kwa joto au kwa chaja mbovu, hutoa gesi, gesi inajaa ndani ya mfuko uliozibwa, na haina pa kwenda. Uvimbe wa silikoni ni mwingine: ni chembe zenyewe kutanuka zinapopokea lithiamu na kurudi zinapoitoa, kila siku, na ukifanywa vizuri macho hayauoni. Wa kwanza ni ugonjwa, wa pili ni maumbile. Lakini mama yule hakuwa amekosea moja kwa moja, maana wa pili unaweza kuzaa wa kwanza: gamba likichanika na kujengwa upya mara nyingi, elektroliti inayoungua ndiyo inayotoa gesi. Betri ya silikoni iliyotengenezwa ovyo inaweza kuumwa yote mawili.

Dawa ya kwanza iliyopatikana ilikuwa kuipunguza punje. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui katika Chuo Kikuu cha Stanford lilionyesha anodi ya nyaya nyembamba za silikoni zilizooteshwa wima juu ya chuma. Kila uzi umeshikamana na chuma kwa chini, na kati ya uzi na uzi kuna uwazi wa kufuria. Mwaka 2012 watafiti waliotazama chembe za silikoni kwa darubini ya elektroni zikiwa zinapokea lithiamu waliona mpaka: zilizo chini ya nanomita 150 hivi hufura bila kupasuka, zilizo kubwa zaidi hupasuka. Nywele ya binadamu ina upana wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo panga chembe zaidi ya mia tano ndipo uufikie upana wa nywele moja.

Basi shida imekwisha? Ndiyo kwa kupasuka. Sivyo kwa gamba, na hapa ndipo makala nyingi za kushangilia zinaponyamaza. Ukivunja kitu kuwa vipande vidogo, uso wake wote kwa jumla unaongezeka. Uso zaidi ni gamba zaidi, na gamba zaidi ni lithiamu zaidi inayokwama. Chembe ndogo iliponya ugonjwa mmoja ikachochea mwingine. Isitoshe, unga wa nano ni ghali, ni mwepesi mno, na haushindiliki vizuri, kwa hiyo nafasi uliyoiokoa kwa silikoni unaipoteza tena kwa hewa iliyo katikati yake. Nyaya za Stanford zilizaa kampuni ya Amprius, na betri zake zimekwenda kwanza kwenye vyombo vya angani, kikiwamo Zephyr cha Airbus kinachoruka juu sana kwa nguvu za jua. Huko uzito ni kila kitu na mteja hashtuliwi na bei. Mfuko wa mtu wa Kisauni ni habari nyingine.

Njia ambayo imeifikisha silikoni mkononi mwa watu wa kawaida ni kuijengea nyumba. Unachukua chembe ya kaboni yenye vitundu vidogo sana ndani yake, unapitisha gesi ya saileni, ambayo ni silikoni na hidrojeni. Kwa joto, gesi huvunjika na silikoni hutua ndani ya vitundu, ila huvijazi, unaacha uwazi. Silikoni ikifura, hufura kuelekea ndani ya uwazi ule. Ukuta wa nje ni kaboni, nao hausogei sana, kwa hiyo gamba hujengeka juu ya ukuta uliotulia, si juu ya kitu kinachotanuka na kusinyaa. Hayo maneno silikoni-kaboni kwenye boksi la simu maana yake ni hii. Kampuni mbili za Marekani zinazojulikana kwa njia za namna hii, Group14 na Sila, zote zimejenga viwanda katika mji mdogo wa Moses Lake, jimbo la Washington, na China ina watengenezaji wake. Saileni si gesi ya kuchezea. Ikikutana na hewa huwaka yenyewe bila kiberiti. Bei ya nyenzo hii haitokani na silikoni. Inatokana na kuishika gesi hiyo kwa usalama na kuilaza ndani ya vitundu kwa kipimo.

Kitu cha kwanza kuuzwa kikiwa na nyenzo ya Sila ndani yake kilikuwa kikuku cha wanamichezo cha Whoop, mwaka 2021. Kikuku! Baada ya miaka kumi ya utafiti. Mwaka 2023 kampuni ya Honor ya China ilitoa simu ya Magic5 Pro, na ile ya soko la China ilikuwa na betri ya silikoni-kaboni ya 5450 mAh, wakati ya masoko ya nje ilikuwa na 5100. Tofauti ni asilimia 7. Tuiweke akilini namba hiyo ya 7 karibu na ile ya mara kumi.

Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya tatu, ya kimya zaidi: oksidi ya silikoni. Mwaka 2015 Elon Musk alitangaza kwamba anodi za betri mpya ya Tesla Model S zimeanza kutiwa silikoni kidogo, na oksidi ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye betri za magari kwa namna hiyo. Oksidi hufura kidogo kuliko silikoni tupu, kwa sababu sehemu yake hugeuka kuwa misombo isiyobeba chaji ila inayoshikilia mambo yasiporomoke. Ubaya wake ni tozo ya mlangoni: chaji ya kwanza tu, robo ya lithiamu iliyoingia, au zaidi, haitoki. Viwanda hulazimika kuitia lithiamu ya ziada mapema ili kuifidia.

Halafu kuna gundi, na hii napenda kuieleza kwa watu wa Pwani. Unga wa anodi haujishikilii wenyewe kwenye karatasi ya shaba, unatiwa gundi. Gundi iliyozoeleka kwenye betri nyingi ni plastiki inayoitwa kwa kifupi PVDF, na kwa silikoni inaachia haraka. Mwaka 2011 watafiti wa Georgia Tech na Clemson walionyesha kwamba aljineti, utomvu unaotoka kwenye mwani wa kahawia, inashika chembe za silikoni vizuri zaidi. Kabla jirani zetu wa Kibuyuni kule Kwale hawajapandisha bei: mwani wanaoulima wao kwenye kamba ni mwekundu, na unatoa karajini, kitu kingine. Hata hivyo viwanda vingi vimeegemea jamii nyingine, kama selulosi ile inayotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili iwe nzito, na polima za asidi ya akriliki. Siri ni moja: molekuli zake zinashikana na uso wa silikoni kwa vifungo vingi vidogo, kimoja kikiachia kingine kinashika.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 7. Mtu ana haki ya kuuliza: kama silikoni inabeba karibu mara kumi, mbona simu haikai siku kumi?

Sababu ni kwamba betri ina pande mbili, na silikoni imebadilisha upande mmoja tu. Tuseme tunataka betri ndogo ya 1000 mAh. Kathodi nzuri ya nikeli inabeba kama 190 mAh kwa gramu, basi tunahitaji gramu 5.3 za kathodi. Kinywe cha 372 kinahitaji gramu 2.7. Jumla gramu 8. Ng'oa kinywe chote, tia silikoni tupu inayofanya kazi bila dosari yoyote: unahitaji gramu 0.3 tu. Ajabu kubwa! Lakini kathodi bado ni gramu 5.3, na jumla ni gramu 5.6. Umetoka 8 ukafika 5.6. Kwa uzito ule ule unapata kama asilimia 43 zaidi, na hapo hatujahesabu shaba, alumini, elektroliti, utando na mfuko, ambavyo havipungui kwa sababu umebadilisha anodi. Volti nazo zinashuka kidogo, kwa kuwa lithiamu iliyolala kwenye silikoni haitoi msukumo sawa na iliyolala kwenye kinywe. Halafu uache nafasi ya kufuria.

Na hakuna anayeng'oa kinywe chote. Katika bidhaa nyingi zilizopo, silikoni huchanganywa na kinywe, na kinywe ndicho kingi. Ndiyo maana nyongeza inayomfikia mteja ni asilimia 7, au 15, au 20 na ushei kwa waliothubutu zaidi. Kwa maoni yangu hiyo si haba hata kidogo. Ila ni tofauti na mara kumi, na mtu akikutajia mara kumi bila kukutajia kathodi, ujue amekuhesabia upande mmoja wa daftari.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu mchanga. Silikoni ni robo na zaidi ya uzito wa gamba la dunia, ya pili baada ya oksijeni, na mchanga wa kwatzi ni silikoni na oksijeni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside walichukua mchanga, wakautia chumvi na magnesi, wakaupasha moto na kupata silikoni ya nano iliyofanya kazi kwenye betri. Wengine wameitoa kwenye pumba za mpunga, kwa kuwa mpunga hufyonza silika ardhini na kuiweka kwenye maganda. Basi tuchote Nyali na Bamburi tutajirike? Mchanga mweupe wa fukwe zilizokingwa na miamba una chembe nyingi za matumbawe na makombe yaliyosagika, na hiyo ni chokaa. Haifai kwa kazi hii. Hata ingekuwa kwatzi tupu, mchanga ndio sehemu rahisi kuliko zote. Kuugeuza kuwa silikoni kunataka tanuri la umeme lenye joto la karibu nyuzi 2000, kisha viwanda vya kemikali vya kuipeleka hadi saileni. Gharama iko huko, kwenye umeme na ujuzi.

Tumeshaliona hili kwa macho. Kwale ilichimbwa mchanga wenye titani kwa zaidi ya miaka kumi, ukapakiwa melini Likoni ukiwa ghafi, uchimbaji ukafungwa mwishoni mwa 2024. Rangi nyeupe na titani zilizotokana nao zilitengenezwa kwingine. Kwa upande wa betri, jirani zetu ndio wenye kete: Tanzania ina kinywe cha Mahenge, Msumbiji ina kile cha Balama. China inashika sehemu kubwa mno ya usafishaji wa kinywe cha betri, na mwishoni mwa 2023 ilianza kudai vibali kwa anayetaka kukiuza nje. Silikoni nayo imepata wafadhili huko Magharibi. Wanaoogopa kwamba silikoni itafunga migodi ya Mahenge kabla haijachangamka wanaogopa mapema mno. Maadamu anodi nyingi bado ni kinywe kilichotiwa silikoni, vyote viwili vitaendelea kununuliwa.

Na tuktuk? Hilo ndilo swali lenye pesa hapa mjini, kwa sababu tuktuk za umeme zimeanza kuonekana na waendeshaji wanapiga hesabu. Jibu langu ni kwamba silikoni itafika kwenye tuktuk mwisho, baada ya simu, droni na magari ya bei mbaya. Tuktuk inayofanya kazi kila siku inachajiwa zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mwenye chombo anataka betri ya miaka sita, haidhuru ikizidi kilo kadhaa. Betri za kathodi ya fosfeti ya chuma na anodi ya kinywe zinahimili maelfu ya mizunguko, na hazina nikeli wala kobalti za kupandisha bei. Kuitia silikoni betri ya namna hiyo ni kubadilisha umri kwa wepesi, na wepesi si shida ya tuktuk.

Joto nalo lina neno lake. Maabara nyingi hupima kwa nyuzi 25. Mombasa mwezi wa Machi, chini ya kiti cha tuktuk iliyoegeshwa juani Mwembe Tayari, nyuzi 25 ni ndoto. Kemikali zinazojenga gamba huenda mbio zaidi kwenye joto, na kiungo kinachotegemewa sana kutuliza gamba la silikoni, fluoroethilini kaboneti, chenyewe huvunjika na kutoa gesi joto likizidi. Kuna pia uzee wa kukaa tu: betri ya silikoni inaweza kuchoka ikiwa kabatini, bila kutumika, na hilo halionekani kwenye namba za mizunguko zinazotangazwa. Muuzaji akija na betri ya chombo akisema ni ya silikoni, muulize mizunguko mingapi kwa nyuzi 45, na dhamana ya miaka mingapi kwa maandishi.

Kwa aliye na simu ya silikoni-kaboni mfukoni, lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye anodi ya mchanganyiko, unapotumia chaji, kinywe ndicho kinachotoa lithiamu yake kwanza. Silikoni hutoa mwishoni. Maana yake ni kwamba kusinyaa kukubwa kwa silikoni, na kuchanika kwa gamba kunakofuata, hutokea simu inapoelekea sifuri. Ushauri wa kutochaji hadi 100 kila siku bado una maana, lakini kwa betri hizi, kuizuia isizime kwa kukosa chaji kuna maana zaidi. Ikifika 20, tafuta waya.